Kambi ya kuandika hapa hapa Dodoma: utakaa wapi, na utakaa na nani?

MchangaMwekundu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Swali hili ni la wote wanaoandika: hadithi, mashairi, tamthilia, tasnifu, hata historia ya ukoo kwenye daftari la shule. Tuseme umepewa wiki mbili. Ruhusa ya kazini ipo, chakula kipo, watoto wana wa kuwaangalia, huna kazi nyingine ila kuandika. Utachagua kukaa wapi ndani ya mkoa wetu? Na utakaa na nani? Naomba tusiishie kwenye "sehemu tulivu". Taja kijiji, taja mwezi, sema mtu wa chumba cha pili ni mtu wa namna gani.

Naanza mimi.

Kwanza mwezi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na wakati huo kijiji kizima kiko shambani. Kwenda kukaa barazani na kalamu huku wenyeji wako wanapalilia uwele ni kuwa mzigo kwao. Agosti na Septemba upepo unaleta vumbi hadi ndani ya kibodi. Mimi nachagua Juni. Mavuno yanaingia, watu wana nafasi ya kukaa jioni, na asubuhi kuna baridi ya kukubakisha mezani na blanketi mabegani.

Mahali ni Kolo, wilaya ya Kondoa. Ni kama kilomita 180 kutoka mjini, lami tupu kwenye barabara ya Babati, kwa hiyo hata anayetoka Dar anapanda SGR hadi Dodoma kisha basi la kaskazini. Wengi mnapajua kwa michoro ya mapangoni, ile iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili miaka ya 1950 na akatumia muda mrefu kwenye mapango hayo. Ukisimama mbele ya ukuta mmoja unaona twiga, pofu, watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, na juu yao rangi nyeupe za watu waliokuja baadaye sana. Kizazi kimechora juu ya kizazi kingine na hakuna aliyeandika jina lake. Nataka kuandika karibu na kazi ya namna hiyo. Inanipa moyo kuliko ukuta wa vyeti.

Nyumba iwe ya kawaida ya kijijini, matofali ya kuchoma na bati, baraza refu, vyumba vinne. Meza ya kila chumba itazame ukuta, kwa sababu ukiiweka dirishani utashinda unatazama mbuzi wa watu. Sola ya taa na ya kuchaji. Mtandao sitaki kabisa, ibaki simu moja ya kitochi kwa dharura. Kula ni kwa mama jirani atakayetupikia: ugali wa uwele, mlenda, maziwa mgando, siku moja moja kuku wa kienyeji. Kuna kambi ya wasanii Marekani inaitwa MacDowell, jimbo la New Hampshire, ipo tangu 1907. Pale chakula cha mchana kinawekwa kwenye kikapu mlangoni mwa kibanda chako ili usikatishwe kazi. Jambo hilo nimelipenda sana, na halihitaji fedha za kizungu, linahitaji kikapu na mtu mwenye heshima.

Sasa watu, na hapa ndipo ninapotaka tubishane. Ninaamini mahali ni robo tu ya jambo, robo tatu ni mtu uliye naye. Nitachukua watatu.

Mmoja awe mshairi wa arudhi, anayehesabu mizani kwenye vidole. Mimi naandika hadithi, na sentensi yangu ikiwa na maneno ya ziada yeye ataisikia kabla yangu.

Wa pili asiwe mwandishi. Awe fundi cherehani, dereva, muuza duka, yeyote anayependa hadithi na hana sababu ya kunifurahisha. Akisinzia ukurasa wa tatu, ukurasa wa tatu una ugonjwa. Waandishi wenzetu tunapeana sifa kwa adabu. Huyu atasema "hapo nilichoka", basi.

Wa tatu awe mtu mzima wa hapo hapo, anayejua ukoo upi ulihamia lini na mti upi haukatwi.

Utaratibu: kimya hadi saa nane mchana, hakuna hata "umelalaje". Baada ya chakula cha jioni kila mmoja anasoma kwa sauti alichoandika siku hiyo, kiwe kibovu kiasi gani, na asiyeandika ndiye anayesema wa kwanza.

Karibuni.


ZabibuYaHombolo

Mkuu Kolo mbali. Mimi Hombolo, kando ya bwawa, na nitakwenda Agosti vumbi na liwepo, maana ndio wakati zabibu zinavunwa na mashamba yana watu na maneno. Naandika nyimbo. Nikikaa kimya hadi saa nane nitakuwa nimekufa.

Mwenzangu ni mpiga zeze. Sisi Wagogo tuna bahati ya muziki ambao sauti nne tano zinaingiliana bila mtu kuzipanga kwenye karatasi. Marehemu Hukwe Zawose alitoka huku huku akaichukua ilimba na zeze hadi majukwaa ya dunia. Ningekuwa na mtu wa shule hiyo chumba cha pili, anapiga taratibu asubuhi nzima, ningemaliza nyimbo zangu zote.


MchangaMwekundu

ZabibuYaHombolo, zeze jioni nalikubali kwa mikono miwili. Asubuhi tutagombana. Ila naelewa, kazi yako inaanzia sikioni. Kambi yako na yangu haziwezi kuwa nyumba moja, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kulipa nauli.


PekeYangu_Bora

Nasoma nashangaa. Mnataka kuandika au mnataka sherehe? Mtu akienda kuandika anakwenda peke yake. Wenzako watatu ni hisia tatu za kubeba: huyu kanuna, huyu anakoroma, yule kaandika kurasa kumi wewe mbili. Nipeni chumba kimoja Mpwapwa, kule milimani kwenye hewa, mtu wa kuleta chai, na mlango wenye komeo. Kusomeana tutafanya kitabu kikiisha.


NesiWaZamu

Kaka MchangaMwekundu, uzi mzuri, nimeusoma nikiwa kwenye zamu ya usiku na nimeurudia asubuhi. Nina la kusema na nitalisema kwa urefu.

Umeandika "watoto wana wa kuwaangalia" ukapita. Kwa wengi wetu sentensi hiyo ndiyo kambi yenyewe. Ukiitatua hiyo, mimi hata Kolo sihitaji, nitaandika jikoni. Usipoitatua, hata ukinipa jumba la kifahari Chamwino nitakuwa nimeshika simu kila saa: kala? kapona kikohozi? kafanya kazi ya shule?

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alitunga utenzi wake akiwa mgonjwa, akimtungia binti yake. Alianza kwa kumwita mtoto asogee na wino na karatasi. Mtoto yumo ndani ya kazi tangu beti za mwanzo, na utenzi huo tunausoma hadi leo. Ukiniuliza nimchague nani kati ya waliotangulia mbele ya haki, namchagua yeye. Ningemuuliza alitungaje akiwa na maumivu, na binti alipoitwa alikuja mara moja au aliitwa mara mbili.

Kwa hiyo kambi yangu iko hivi. Wanawake watano, wenye watoto waje nao, walio chini ya miaka saba. Nyumba mbili jirani. Moja ni ya meza na kimya, nyingine ni ya watoto, ina dada wawili wa kulea wanaolipwa vizuri kuliko wanavyolipwa mjini, na uwanja wenye kivuli. Mama akitaka kunyonyesha anavuka uwanja, anarudi. Wiki mbili kwangu ni ndoto. Ijumaa jioni hadi Jumanne inatosha, na inaweza kuwa Ihumwa au Veyula, karibu na mji, mtoto akishikwa na homa tunafika hospitali haraka. Nimeona homa za watoto usiku, siwezi kukaa kilomita 180 nikiandika mapenzi ya watu.

Na jingine. Huyo mama jirani atakayekupikia mlenda: umemtaja kwenye chakula, hukumtaja kwenye watu. Jioni mkikaa kusomeana, ana kiti? Umesema unamtafuta msikilizaji asiye mwandishi. Yuko jikoni kwako tangu alfajiri, anajua hadithi za kijiji kizima, na nina hakika hatakuogopa.


Kibajaji_Nkuhungu

Naunga mkono hoja ya nesi. Hiyo ya kiti imenigusa.


MchangaMwekundu

Dada NesiWaZamu, asante sana. Ya kiti naichukua kama ilivyo: anayepika analipwa kwa kupika, jioni anakaa, na mtu mwingine anaosha vyombo. Tutapeana zamu ya vyombo sisi tunaoandika.

PekeYangu_Bora, nataka nikujibu kwa uzito maana hoja yako ni ya watu wengi. Kuandika sentensi ni kazi ya mtu mmoja, hilo halina ubishi, ndiyo maana nimeweka kimya hadi saa nane. Lakini hadithi za kwetu zimekua masikioni mwa watu. Bibi anayesimulia anaona uso wa mtoto, akiona umepotea anageuza sauti, anaongeza fisi. Mwandishi aliyejifungia anakosa uso huo kwa miezi, anakuja kuukuta mhariri ameshalipwa. Jioni moja ya kusomeana inamrudishia. Na ukikuta mwenzako kaandika kurasa kumi wewe mbili, yakikuuma, kuna kitu cha kujua hapo kuhusu siku yako.


MwalimuKongwa

Habari za jioni ndugu zangu.

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi katika wilaya hii na ninawaomba tusisahau kwamba mkoa huu una mtangulizi wake. Mathias Mnyampala alizaliwa 1917 upande wa Chamwino, akafariki 1969. Aliandika historia na mila za Wagogo, kitabu kikatoka 1954, akaandika mashairi, na yeye ndiye aliyezipa ngonjera umbo tunalolijua. Yote hayo akiwa mtumishi wa serikali, mwenye faili mezani na bosi mlangoni. Kambi hakupewa na mtu.

Sasa PekeYangu, tazama ngonjera ni nini. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, wanabishana hadi wanaelewana. Huwezi kuijaribu peke yako chumbani na komeo, utapata sauti moja iliyovaa kofia mbili. Nimewaona wanafunzi wakiandika ngonjera wawili wawili, kila mmoja na upande wake, na zile za wawili huwa na ukali ambao mtoto mmoja hafiki hata awe hodari vipi.

Kwa kuwa umetaja Mpwapwa: Shaaban Robert naye alipata kuhamishiwa huko miaka ya 1940, kazi ya idara ya mifugo. Mtu wa Tanga, wa pwani, kaletwa katika vilima vile. Napenda kufikiri jioni zake. Ningepewa nafasi ya kuchagua wafu, ningewakalisha hao wawili baraza moja: Mgogo aliyekifanya Kiswahili chake, na mwana wa pwani aliyeletwa bara na barua ya uhamisho. Kazi yangu ingekuwa kukoleza moto na kunyamaza.

Kwa walio hai, nina sharti moja ambalo mwanzisha uzi hakuligusa. Usimwalike mtu mnayemwogopa. Mwandishi mkubwa akiingia katika nyumba ya watu wanne, hao watatu wanaanza kuandika kama yeye, au wanaacha kabisa wanabaki kumsikiliza. Sisemi kwa dharau. Mimi nafanya hivyo darasani bila kukusudia, nikisifu mstari mmoja Jumatatu, Jumatano naletewa mistari ishirini inayofanana nao. Aalikwe jioni moja, ale, aondoke na basi la asubuhi.

Upande wa tarehe, Juni ni likizo ya shule, sisi walimu tunaweza.


KalamuYaChuma

Mwalimu hapo napinga kwa heshima. Mimi nataka mkubwa. Tangu Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu ianze kutolewa 2023, vijana wengi tunaandika tukiitazama. Nikikaa wiki na mtu aliyewahi kuipata, ataniambia mswada wangu umekaa vipi mbele ya majaji. Fundi cherehani atanisaidia nini hapo?


MwalimuKongwa

KalamuYaChuma mwanangu, jaji naye ni msomaji. Akichoka ukurasa wa tatu, amechoka kama fundi. Na tuzo ina washindi wachache, mkienda kambini watano nyote mnaitazama hiyo hiyo, mtafichana daftari.


KalamuYaChuma

Ya kufichana daftari ni kweli, nimeshaiona kwenye kundi letu la chuo. Basi mkubwa aje jioni mbili, tusikilizane.


MwanaWaIrangi

Mimi ni wa huko mnakopanga kuja, nimezaliwa si mbali na Kolo. Karibuni, ila nisikilizeni.

Mapango yana utaratibu. Mnapita ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, mnalipa, mnapanda na mwongozaji. Hakuna kugusa, hakuna kumwagia maji michoro ili ing'ae kwenye picha. Mungumi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko, wazee wanapanda pale na shida zao za mvua na maradhi. Mkikuta watu, mnarudi siku nyingine bila kuuliza maswali ya mwandishi.

Pili, huyo "mtu mzima wa hapo hapo" anayetajwa kwenye uzi. Babu zetu wamesimulia sana kwa wageni wenye madaftari, kisha kitabu hawakukiona. Mkimchukua mzee, akae kama mwenzenu, alipwe kama mwenzenu, na mlichoandika kutoka kinywani mwake asomewe kabla hamjaondoka. Asipopenda kitu, kinatoka. Na majirani zetu Wasandawe, ile lugha yao ya vidoko si ya kuweka pambo kwenye hadithi, kama huijui iache, au mtafute Msandawe aandike naye yuko mezani.

Nina wazo la mahali pengine pia. Pandeni juu zaidi, Haubi, kwenye ziwa. Vilima hivi vya Irangi vilikuwa makorongo matupu, udongo mwekundu ulikuwa unashuka kila mvua. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Iliwauma wazee, ng'ombe ndio maisha. Lakini nyasi zilirudi, miti ikarudi yenyewe pasipopandwa. Mimi nikimsikia NesiWaZamu anavyoandika baada ya zamu ya usiku, naona ni ardhi ya namna hiyo: haihitaji mbegu, inahitaji kwato ziondoke kwa muda.

Mimi naandika Kirangi na Kiswahili. Mwenzangu ninayemtaka ni mtu mmoja tu anayesoma Kirangi kwa macho, maana wanaokisema ni wengi, wanaokisoma nawahesabu.


NesiWaZamu

MwanaWaIrangi, asante kwa maneno yako. Haubi kuna zahanati?


MwanaWaIrangi

Ipo huduma, dada, na Kondoa mjini kuna hospitali ya wilaya. Gari tutaliweka pale pale muda wote, dereva akiwemo. Dereva ndiye msikilizaji wenu asiye mwandishi, tumemaliza mambo mawili kwa mtu mmoja.


PekeYangu_Bora

Nimeyasoma yote tangu jana. Ya ngonjera yamenikaa. Bado siwezi kusoma rasimu mbele za watu, tumbo linakataa. Kuna nafasi ya mtu anayekaa chumba cha mwisho, mlango wake wa nje, anakuja jioni kusikiliza bila kusoma?


MchangaMwekundu

Ipo, na inafaa sana. Msikilizaji anayejua kazi ilivyo ngumu ana thamani yake. Sharti ni moja: ukisikiliza, uwe na neno. Hata "sijaelewa kwa nini huyu mama alirudi" ni neno.

Wakuu, nimeona uzi umeacha kuwa wa kufikirika, na mimi nafurahi. Napendekeza hivi. Tujaribu Ijumaa hadi Jumanne kama alivyosema dada, Juni likizo ya shule ikiwa imeanza. Haubi au Kolo ataamua MwanaWaIrangi kwa kuangalia nyumba. Nyumba mbili, ya meza na ya watoto. Waandishi wasizidi sita. Mpishi, dereva na mzee wana viti vya jioni, na malipo yao tunayachanga kabla ya kuchanga chochote kingine. Kalamu atafute huyo mkubwa wake wa jioni mbili. Zabibu, njoo na mpiga zeze usiku wa mwisho.


ZabibuYaHombolo

Nakuja usiku wa mwisho na wa kwanza.


NesiWaZamu

Ratiba za zamu za Juni zinapangwa mwezi kabla, kwa hiyo nahitaji tarehe mapema, sio "tutajulishana". Nakuja na mmoja, ana miaka minne, anaongea sana asubuhi. Nyumba ya watoto iwe upande wa pili wa uwanja kweli, isiwe chumba cha jirani.


MwanaWaIrangi

Sawa dada. Wiki hii napita ofisi ya kijiji kumwona mtendaji na mwenyekiti, maana wageni sita na watoto hawafiki kijijini bila kutambulishwa. Nikitoka hapo nakagua nyumba, napima uwanja kwa hatua, na naleta picha humu. Tarehe tupange baada ya hapo.